Kumshauri mteja wa uso bidhaa za ngozi bila kumkaba: tujadili, hasa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Mhudumu wa Uso, Mwanjelwa

Wadau wa saluni, na ninyi mnaotukalia vitini, salamu kutoka Mbeya.

Kuna malalamiko nayasikia sana kwa wateja wanaohamia kwangu: "Nilienda kusafishwa uso, nikatoka na mfuko wa laki moja na nusu." Wengi wao hawakurudi tena pale walikonunua, na baadhi zile chupa hawajazifungua mpaka leo. Upande wa pili wapo wahudumu wenzangu ambao kwa kuogopa kuonekana king'ang'anizi wananyamaza kabisa. Wanasafisha uso vizuri, wanapokea hela, mteja anarudi nyumbani kuosha uso kwa sabuni ya kipande ile ile ya kufulia, na baada ya wiki mbili anawaambia wenzake huduma haikumsaidia kitu. Mimi naona huyo aliyenyamaza naye kamkosea mteja. Uso naushika saa moja kwa mwezi. Siku zote zilizobaki anaushika mwenyewe, kwa maji ya kwake na mafuta ya kwake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ushauri wa bidhaa ni sehemu ya huduma aliyolipia. Unageuka usumbufu pale unapotolewa wakati mbaya, kwa vitu vingi kwa mpigo, au bila sababu ambayo mteja mwenyewe anaiona usoni kwake.

Mimi huanza kabla sijagusa chupa yoyote. Akipiga simu kuomba nafasi namwambia apige picha kila anachopaka usoni, hata Vaseline, hata ile krimu aliyopewa na rafiki, anitumie WhatsApp. Kazi yote inabebwa na picha hizo. Mara nyingi nikiziangalia naona hahitaji kununua chochote. Anahitaji kuacha kimoja. Anatumia skrabu ya chembechembe kila siku na ngozi inamuwaka, halafu anatafuta dawa ya muwasho. Namwambia aache skrabu kwanza. Au ana losheni ya glisarini ya bei ya chini inayomfaa kabisa, namwambia aendelee nayo. Mteja uliyemwambia "hiki ulichonacho kinatosha" siku utakayomwambia "hapa pamepungua kitu" atakusikiliza bila kushika pochi yake kwa hofu.

Pili ni wakati. Tafadhali tusimuuzie mtu aliyelala chali, macho yamefunikwa pamba, maski usoni. Hawezi kuondoka, hawezi kuona bei, na pale alipo anajisikia ni deni kukukatalia. Nikiwa kazini nasema tu ninachofanya: sasa natoa mafuta, sasa utasikia baridi kidogo. Ya bidhaa nayaacha mpaka amekaa, amefunga kitambaa chake, ana kioo mkononi. Hapo namwonyesha: "Dada, angalia hapa mashavuni, ngozi imekauka mpaka inachubuka, lakini puani kuna mafuta. Ndiyo maana ile sabuni kali inakuumiza upande mmoja."

Halafu nataja kitu kimoja. Kimoja tu, na bei yake kabla hajaiuliza, na kitadumu muda gani. Kumwambia mtu elfu 35 bila kumwambia chupa itaisha lini ni kumficha nusu ya bei. Nikishasema hivyo namwambia si lazima leo, naondoka nakwenda kutandika kitanda. Naondoka kweli, sikai pale kumtazama.

Sasa kwa huku kwetu, kile kimoja mara nyingi ni sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, na ndicho kigumu kuliko vyote kumshauri mtu, kwa sababu ya baridi. Mteja anakwambia: jua gani la Mbeya, mwezi wa saba tunavaa majaketi! Ndipo nafafanua. Joto si kipimo cha mionzi inayochoma ngozi. Shirika la Afya Duniani linasema mionzi hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo anga likiwa sawa tunapokea zaidi ya mtu wa Dar anayelalamika jua linamuua. Mawingu mepesi hayazuii sehemu kubwa ya mionzi. Ongeza upepo mkavu wa kiangazi unaonyonya unyevu usoni. Yale madoa meusi ya mashavuni anayoyasugua kila siku yanapikwa upya kila asubuhi akiwa kwenye bajaji kutoka Uyole.

Naomba michango, hasa kwa wanaopingana nami.

Mteja wa Forest

Dada, mimi si mhudumu, ni mteja, na umegusa penyewe ila kuna moja umeliacha. Kinachoniumiza kuliko bei ni maneno. Kuna saluni niliingia nikiwa nimetoka kazini, nataka tu kupumzika. Binti akashika kidevu changu, akaguna, akamwita mwenzake: "Hebu njoo uone." Wakaanza kuhesabu. Una madoa, una vinyweleo, vitundu vimefunguka, ngozi imezeeka mapema. Kisha ikaja orodha ya vitu vya kununua. Niliingia pale sina tatizo na uso wangu. Nilitoka nimejiinamia.

Nilinunua, ndiyo, kwa aibu. Sikurudi. Msimharibu mtu kwanza ndipo mmtengeneze.

Mhudumu wa Uso, Mwanjelwa

Mteja wa Forest, pole sana mama, na asante. Hili ni zito na linafanyika sana. Kwangu nina sharti: sitaji kasoro ambayo mteja hajaitaja, isipokuwa ya kiafya. Nauliza, "Kuna kitu kwenye uso wako kinakusumbua?" Akisema madoa, tunazungumza madoa. Kama ana vinyweleo na hajavitaja, havinihusu. Isipokuwa nikiona kidonda kisichopona, au alama nyeusi iliyobadilika umbo au rangi, hapo namwambia kwa upole aende hospitali, na siku hiyo simuuzii chochote, ili asije akadhani namtisha apate kununua.

Bosi wa Saluni, Miyomboni

Kamwene wote. Naleta upande wa pili, na naomba msinichukie.

Nina saluni Iringa mjini. Kodi ya fremu ni ya miezi sita kwa mpigo, umeme, mishahara. Huduma ya uso peke yake hailipi: maji ya moto, pamba, maski, saa nzima ya mtu. Faida iko kwenye bidhaa. Nimeagiza mzigo, una tarehe ya kuisha. Wahudumu wangu nawapa kamisheni kwa kila chupa. Nikiwaambia wataje kitu kimoja halafu waende kutandika vitanda, mzigo utanifia stoo. Mnanishauri nini?

Mhudumu wa Uso, Mwanjelwa

Kaka, hakuna wa kukuchukia, wote tunalipa kodi. Nitasema ninavyoona.

Kwanza kama huduma ya uso hailipi, bei yake ni ndogo. Panda kidogo, useme wazi kwamba ndani yake kuna ushauri na kufuatiliwa. Ukiiacha chini kwa kutegemea chupa, kila mteja anayelala kitandani anakuwa deni ambalo mhudumu anatakiwa kulirudisha, na mteja analihisi hilo mapema sana.

Kamisheni ndiyo inayomfundisha binti kukaba. Anayepata elfu tatu kwa kila chupa hawezi kumwambia mteja "ulichonacho kinatosha", amejinyima mwenyewe. Jaribu kumlipa kwa chupa ya pili, yaani mteja aliporudi kununua kile kile. Chupa ya kwanza inaweza kuuzwa kwa maneno matamu. Ya pili inauzwa na ngozi yenyewe.

Kuhusu mzigo, punguza aina. Kaunta yenye sabuni laini mbili, losheni mbili, sanskrini mbili na kitu kimoja cha chunusi inawatosha watu wengi sana. Agiza chache, ziishe. Na waonyeshe wahudumu ile alama ya kopo lililofunguka mfuniko nyuma ya chupa, yenye 6M au 12M. Ni idadi ya miezi ya kutumia baada ya kufungua. Wateja wengi hawaijui, na ukimwambia kwamba ile krimu yake ya mwaka juzi imepitwa, umemsaidia hata asiponunua kwako.

Najifunza, Mafinga

Shikamooni. Niko mafunzoni, natarajia kufungua kichumba changu. Naomba maneno yenyewe, jamani. Mimi nikifika kwenye bei ulimi unakuwa mzito, naanza kujieleza sana mpaka mteja anakimbia.

Mhudumu wa Uso, Mwanjelwa

Marahaba mdogo wangu. Nitakuandikia jinsi mazungumzo yanavyokwenda kwangu, usiyakariri, chukua mpangilio.

Mteja ni mama wa makamo, mfanyabiashara wa nguo, madoa mashavuni. Amekaa, ana kioo.

"Mama, ulisema madoa ndiyo yanayokukera. Haya ya hapa juu yanakolezwa na jua. Unakaa nje saa ngapi?"
"Asubuhi mpaka jioni, mwanangu, si unaona genge langu halina kivuli."
"Basi tukiweka krimu ya madoa leo, jua litarudisha kesho. Mimi ningeanza na cha kukinga jua. Nina hiki hapa, SPF 30, yaani kipimo cha nguvu ya kukinga jua, ni elfu 30. Ukipaka mistari miwili kwenye vidole viwili, uso na shingo, mara moja kwa siku, kinaenda mwezi na siku kadhaa. Ila kwa kazi yako ya juani inabidi urudie kila baada ya saa mbili, kwa hiyo kitaisha mapema. Kofia pana itakusaidia kupunguza gharama."
"Mh, elfu 30."
"Ndiyo mama. Si lazima leo. Nimekuandikia hapa kwenye karatasi cha kuangalia, hata ukikikuta duka lingine."

Ukimya. Huo ukimya ndio mtihani wako. Usiujaze. Anayejaza ukimya ndiye anayepunguza bei bila kuombwa, au anayeongeza bidhaa ya pili. Mwache mama ahesabu hela zake kichwani.

Akisema hana, mwambie kofia na mtandio, na aje tena. Usibadilishe sura. Ukisema "haya" kwa sauti iliyoshuka, amesikia.

Akikuuliza kama SPF 50 au 100 ni bora zaidi mwambie ukweli: 30 huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayounguza, 50 karibu 98. Tofauti kubwa iko kwenye kiasi anachopaka na kurudia. Wengi wanapaka tone la kunde. Na mpake kidogo mkononi kwanza aone rangi, kwa sababu zile zenye zinki na titani nyingi zinaweza kutuachia weupe kama majivu, na mtu akitoka nao mara moja hatapaka tena. Kwa mwenye madoa ya ujauzito, yenye rangi iliyochanganywa ni nzuri zaidi, maana zile oksidi za chuma zinazoipa rangi hukinga hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa.

Kinyozi Uyole

Wanaume nao waangaliwe. Kwangu vipele vya ndevu ndiyo kilio. Nikimwambia mtu anunue dawa, anakataa. Nikimwambia asinyoe kwa kurudi kinyume na ndevu, apake maji ya vuguvugu kwanza, apumzishe wembe wiki mbili, anafanya. Akirudi amepona kidogo anauliza mwenyewe: "Hakuna kitu cha kupaka?" Hapo ndipo namtajia ile yenye asidi ya salisili. Sijawahi kumfuata mtu.

Muuza Vipodozi, Tunduma

Mimi niko mpakani na Zambia. Tuwe wakweli hapa. Mteja anakuja anataka weupe. Mzigo unavuka kutoka upande wa pili, kopo zuri, harufu nzuri. Nikikataa kumuuzia atavuka barabara atauziwa na jirani. Huyo namshauri vipi "bila kumkaba" wakati yeye ndiye anayenikaba mimi?

Mfamasia, Njombe

Dada wa Tunduma, niruhusu nijibu hili, kwa sababu matokeo yake yanaishia kwenye dirisha langu.

Zebaki na haidrokwinoni, zile kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na krimu zenye steroidi kali kama klobetasoli ni dawa ya kuandikiwa, si kipodozi. Tangu Julai 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango, awali vilikuwa chini ya TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo ndiyo TMDA ya sasa. Kopo lisilo na orodha ya vilivyomo, lisilo na jina la mtengenezaji, au krimu iliyopakuliwa kwenye kikopo kingine, usiiweke kaunta hata kama inauzika.

Ninachokiona: ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa, chunusi zilizojaa ghafla, michirizi, na kwa waliotumia haidrokwinoni miaka mingi, weusi wa buluu unaoganda mashavuni ambao ni mgumu mno kuondoa. Zebaki inakwenda mpaka kwenye figo, na mama mjamzito anaipitisha kwa mtoto.

Sasa jambo muhimu kwenu wahudumu. Ukimgundua mteja anatumia krimu ya steroidi kwa muda mrefu, usimwambie aitupe leo akanunue yako. Akikatiza ghafla uso unaweza kulipuka: wekundu, moto, vipele. Atasema bidhaa yako imemuunguza, na atarudi kwenye mkorogo, zile krimu za weupe, kwa sababu ule unatuliza. Mpeleke kwa daktari wa ngozi apunguziwe taratibu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya si mbali na wengi wenu.

Mhudumu wa Uso, Mwanjelwa

Mfamasia, ubarikiwe. Ndaga fijo, asante sana.

Dada wa Tunduma, sitakulaumu, najua mpaka ulivyo. Ila anayetaka weupe ukimuuliza swali moja zaidi, mara nyingi anataka kitu kingine. Muulize, "Nini kilikufanya utake kubadilisha rangi?" Wapo watakaojibu madoa ya chunusi. Wapo wenye uso mweusi kuliko shingo kwa sababu ya jua. Hao wana jibu lisilo mkorogo: sanskrini, niasinamidi (aina ya vitamini B3 ya kupaka), na uvumilivu, kwa sababu ngozi ya juu hujibadilisha kwa takribani wiki nne kwa kijana, na kwa mtu mzima huchukua zaidi. Aliyebaki anataka weupe tu, mwambie wewe huuzi hicho, na umwambie kwa nini mara moja, bila hotuba. Akienda kwa jirani, ameenda. Ila uso ukimuunguza atakumbuka nani alimkatalia.

Mama Tukuyu

Wanangu, mnasema chupa chupa. Huku Rungwe parachichi zinaoza chini ya miti. Mafuta yake tunapaka watoto kwa wajukuu na ngozi zinang'aa. Mteja wangu akisema hana hela namwambia akapake parachichi. Nakosea?

Mhudumu wa Uso, Mwanjelwa

Shikamoo mama. Mafuta ya parachichi yanalainisha ngozi kavu vizuri, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai yanasaidia yakipakwa juu ya uso ulio na unyevunyevu bado. Mwenye chunusi apake kidogo kwanza aone, maana huenda yakamzidishia. Ila hayakingi jua, kwa hiyo usimwambie kwamba yanakinga. Ninachokuomba uwakataze ni limao na ndimu usoni. Maji yake yakikutana na jua yanaunguza na kuacha alama nyeusi, na huku kwetu watu wanayapaka kuondoa madoa yale yale.

Na kumshauri mtu kitu ambacho hupati faida nacho, mama, huko ndiko tunakotaka wote tufike.

Bosi wa Saluni, Miyomboni

Nimesoma yote. Kamisheni nitaibadilisha kuanzia mwezi ujao, nijaribu hiyo ya chupa ya pili. Swali la mwisho: akishanunua, unamfuatilia vipi bila kuwa kero? Sisi tunatuma ofa kila Ijumaa kwenye namba zote.

Mhudumu wa Uso, Mwanjelwa

Ofa za Ijumaa zitawafanya wakuzuie, kaka. Mimi nikiuza kitu kipya, kwanza namwambia apake kidogo nyuma ya sikio au ndani ya mkono, asubiri siku moja au mbili kabla ya kupaka uso mzima. Hapo kuna sababu halali ya kumtafuta. Siku ya tatu namwandikia: "Dada habari, ulipojaribu haikuwasha?" Basi. Sitaji bidhaa nyingine. Akisema imewasha, airudishe, namrudishia hela yake au namtengea huduma nyingine, na chupa iliyofunguliwa siiuzi tena kwa mtu.

Baada ya mwezi naandika mara ya pili, kuuliza uso unaendeleaje, nikimwomba picha kama anapenda. Nikiona hakuna mabadiliko namwambia aache. Mjamzito au anayenyonyesha namkumbusha aniambie kabla, kwa sababu retinoli, ile ya vitamini A, siipendekezi kabisa kwa mjamzito, na wengine huanza kuitumia kabla hawajajua wana mimba.

Najifunza, Mafinga

Dada, hizo karatasi unazowaandikia umechapisha wapi? Nataka za kwangu.

Mhudumu wa Uso, Mwanjelwa

Sijachapisha. Nakata karatasi ngumu za madaftari ya kaunta, naandika kwa kalamu mbele yake: jina la kitu, kiasi cha kupaka, asubuhi au usiku, cha kuacha, na tarehe ya kuniambia inaendeleaje. Cha kuacha nakiandika juu kabisa. Nitumie namba yako faragha nikupigie picha moja uione.